Jerania na Mgomba Uliotembea

Nilikuwa natafuta ua la kupanda juu ya mtoto. Nalisema hili mapema msije mkadhani uzeeni nimeanza kupenda mapambo. Uani kwangu hapa Ipyana, Kyela, hakujawahi kuwa na ua. Sisi tuliolelewa huku, uwanja ni wa kufagia. Unaamka, hujamsalimia mtu, unashika ufagio, unafagia mpaka ardhi inabaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Kijani kikitokeza katikati ya uwanja ni aibu ya mwenye nyumba. Wanaopanda maua mlangoni ni wale waliohamishiwa huku kikazi, na sisi tulikuwa tunawacheka, tunaulizana hicho ni chakula cha nani.

Mtoto huyo alikuwa wangu wa kwanza, wa kike, aliishi siku tisa. Hakuwa na jina bado. Zamani ile, kwetu, mtoto mchanga hakuzikwa na wanaume. Wanaume walikaa kule njiani wakaongea habari za mpunga, kina mama wakamchukua, wakamlaza migombani, wakarudi wakanawa, basi. Hakuna msalaba, hakuna tuta la kuonekana. Mimi nilikuwa ndani, sijaruhusiwa kutoka. Nilisikia jembe tu. Jembe likiingia kwenye udongo mbichi lina sauti yake, na mpaka leo jirani akichimba magimbi naacha ninachofanya. Nilipotoka, mama mkwe alinishika kiwiko, akanipeleka mpaka kwenye shina moja la mgomba, akasema, "Ni hapa, miguuni pa huu. Umeona? Haya, twende ukale." Hakulirudia jambo hilo mpaka anakufa, na mimi sikumuuliza.

Mgomba ule niliukariri. Nyumba yetu ya mianzi ilianguka tukajenga ya matofali mabichi. Hiyo mafuriko yakaila, maana masika ya huku mnayajua, mto ukichoka kukaa kwake unakuja kukaa kwako. Tukajenga hii ya tatu, ya matofali ya kuchoma. Jiko limehama, bafu limehama, mto wenyewe umehama, zamani ulikuwa karibu zaidi. Mwaka mmoja maji yalikaa uani yakaondoka yameacha tope la kufika magotini, na sisi tukalifagia tope likawa ndio uwanja. Marehemu mume wangu alisema tunaishi juu ya nyumba zetu wenyewe. Alikuwa na maneno ya hivyo, yule. Mara moja alimwambia mchungaji kwamba, basi, hiyo niache, itanipeleka mbali.

Ninachotaka kusema ni kwamba kila kitu kilihama, na mimi nikaamini mgomba.

Mwaka juzi mwanangu wa mwisho, anayefanya kazi Mbeya, akasema anakuja kunijengea choo cha ndani, kwa sababu magoti yangu hayachuchumai tena. Choo cha ndani kinataka shimo nje, refu kumzidi mtu. Akaja na kamba, akapima uani, halafu akasimama. Dada yake huyo hajawahi kumwona, lakini habari zake anazijua.

"Mama, pale kwa dada ni wapi hasa? Nisije nikamchimbua."

Nikamwonyesha mgomba. Uko mwisho wa uwanja, upande wa mtoni.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika kuliko wewe ulivyo na uhakika wa baba yako."

Akacheka mpaka akakaa. Basi akapigilia vijiti vinne mbali kabisa na mgomba, hapa karibu na jiko. Akasema mafundi watakuja mpunga ukishavunwa na ardhi imekauka, na kwamba niweke alama pale mgombani, alama ya kuonekana mwaka mzima, kwa sababu mafundi hawaulizi. Alitaka kuweka saruji. Nikakataa. Mtoto wa siku tisa humwekei saruji kifuani.

Hapo ndipo ua lilipoingia.

Jirani yangu ni nesi wa zahanati, binti wa Njombe, kwenye baridi. Mlangoni kwake amejaza makopo ya maua. Nilikuwa namcheka kama wengine, sikatai. Nilipomwendea alikuwa anafua.

"Ugonile, bibi," akanisalimia. Kinyakyusa chake ni hicho na cha kushukuru, ameishia hapo.

"Nataka ua."

Akaacha kufua. "Wewe? Umeumwa?"

Nikamweleza yote. Akafuta mikono, akaniuliza nataka ua la namna gani. Nikamwambia lisilokufa. Akasema hakuna. Nikamwambia basi lisilolala. Akafikiri, akasema, "Jerania. Lakini si hizi za makopo, hizi ni laini. Kwetu kuna jerania ya ardhini. Juu inaweza kuisha yote, ukadhani imekufa, kumbe mwenyewe yupo chini, mizizi inakaa miaka. Siku akitaka anatoka."

Yeye alikuwa anaongea habari za ua.

Akaendelea, maana ukimgusa kwenye maua umemgusa. Akasema nisichague kwa rangi, rangi inadanganya. Nichague isiyoshika mbegu. Jerania ikishashika mbegu inaridhika, inaacha kuchanua. Ile isiyozaa haijui imalizie wapi, basi inachanua tu, miezi na miezi, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya nyumba.

"Hiyo," nikasema. "Niletee hiyo."

Alipokwenda likizo akarudi na gunia bichi lenye aina tatu. Moja ya bluu inayokaribia zambarau, moja nyeupe yenye mishipa myekundu, na moja ya waridi iliyopauka, ndogo, inayotambaa. Hakuwa na hakika ipi ndiyo tasa, kwao hakuna anayeziuliza. Nililiweka gunia kwenye kivuli cha tanki la maji, nikazitazama kutwa nzima. Majani yake ndiyo yalinishtua. Jani la jerania ile limekatwa mapande matano, na likiwa changa linakuja limekunjwa, halafu linafunguka polepole. Ni kiganja cha mtoto. Siongezi chumvi, hata nesi nilipomwonyesha alisema, "Eh, bibi, usinifanye nikaanza kuogopa maua yangu mwenyewe."

Nikaanza na ya bluu, kwa sababu ilikuwa na maua tayari, yaani nilichagua kwa rangi kama nilivyokatazwa. Nikaipanda miguuni pa mgomba. Ikafa. Nikapanda nyeupe, nikaijengea kivuli cha makuti ya mchikichi. Ikafa. Joto la Kyela linajulikana, na mimea ya Njombe imezoea sweta, hilo nalikubali. Lakini nimelima maisha yangu yote, ninajua mmea unaoungua na jua, unaanzia kwenye ncha. Hizi hazikuanzia kwenye ncha. Zililegea kutoka katikati, zikalala, na zote mbili zililala upande mmoja, zimeelekea jikoni.

"Upepo wa ziwani huo," nesi akasema.

Nikasema sawa. Nikapanda ya tatu, ya waridi. Siku ya kwanza ilisimama. Siku ya pili ilisimama. Nikaanza kuipenda. Siku ya nne nilipotoka na ufagio niliikuta imelala kama wenzake, imeelekea jikoni, na siku hiyo, niliangalia sana, jani la mgomba lilikuwa halitikisiki.

Niliing'oa nikaitupa kwenye shimo la takataka. Nilikasirika. Nilijisemea, huyu mtoto hataki ua, au hataki la kwangu. Mtu mzima anawaza vitu vya hivyo akiwa peke yake na jembe, msinicheke.

Baada ya hapo nikaendelea na kufagia. Chini ya upenu wa jiko, pale ninapokaa kuchagulia mchele, pana ubichi, kwa sababu maji ya kuoshea vyombo namwaga hapo na mvua inadondokea hapo. Asubuhi moja nikaona kitu cha kijani, kidogo kama ukucha. Nikakifagia. Mkono ulifanya wenyewe. Kesho yake kipo. Nikafagia tena, nikabonyeza ufagio. Siku ya tatu kilikuwa kimefunguka, na hapo nikainama, goti likalia, nikaona mapande matano.

Ufagio niliuacha palepale chini.

Nesi alikuja, akachuchumaa, akasema ni ile ya waridi, haina ubishi, na kwamba kipande cha mzizi kitakuwa kilidondoka nilipoweka gunia. Nikamwambia gunia nililiweka kwenye tanki, na tanki liko nyuma ya nyumba. Akasema basi kuku wamebeba. Nikamwambia kuku wangu wamekwisha tangu ule ugonjwa. Akasema, "Bibi, sasa unataka niseme nini?" Na kweli, nilitaka aseme nini? Nikampa mapapai akaenda zake.

Ikakua. Ile ambayo mgombani haikumaliza wiki, hapa ilitambaa ikafika ukutani, ikachanua. Mpunga ukaiva, inachanua. Tukavuna, inachanua. Vumbi likaja, nyasi za njiani zikawa kama karatasi, yenyewe ina maua. Haikushika mbegu hata moja. Nesi alikuja akapekua, akasema ndiyo yenyewe, ile tasa, nimepata niliyoitaka. Kosa lake ni kwamba ilikuwa mahali sipo. Ilikuwa katikati kabisa ya vijiti vinne vya mwanangu.

Niliwaza kuihamisha. Nilichukua jembe mara mbili. Mara zote mbili nilijikuta nimekaa kuchagua mchele, miguu nimeitenga pembeni nisiikanyage.

Halafu ikaja siku ya kukata mkungu. Mgomba wa mtoto ulikuwa na mkungu umekomaa. Ndizi zake tumezila miaka yote, hilo niliseme, tumezila na watoto wangu wamezila, ni tamu kuliko za mashina mengine na kila mtu hapa nyumbani anajua na hakuna anayelizungumza. Nikakata mkungu, nikakata na mgomba wenyewe, kwa sababu ukishazaa kazi imekwisha, nikabakiza mtoto wake mkubwa aliyechipua mbele, upande wa mtoni. Ni kazi ninayofanya tangu msichana. Unakata mama, unabakiza mtoto. Nilipokuwa nafuta panga kwenye majani nikaona nyuma ya kisiki kipya kuna kisiki cha mwaka uliopita, kimeoza. Nyuma yake kuna kibonde cha kisiki kingine. Vimepangana mstari. Nikaufuata mstari kwa macho, ukatoka migombani, ukaingia uwanjani kuelekea jikoni, na huko ukapotelea kwenye ufagio wangu.

Nilikaa chini na panga langu.

Ni nani mkulima wa huku asiyejua kwamba mgomba unatembea? Kila mtoto anachipua pembeni ya mama yake, mama anakufa, mtoto anazaa pembeni tena. Miaka mitano, hatua. Tunaujua mchezo huo, hata mipaka ya mashamba watu wamegombana kwa sababu ya mgomba uliovuka. Na mimi niliyejua yote hayo nilisimama miaka zaidi ya arobaini nasalimia mgomba ule asubuhi, bila kuwaza kwamba wenyewe unaondoka, na mimi naufuata nyuma, na mtoto amebaki.

Amebaki wapi? Mafundi walikuwa waje Jumatatu.

Kati ya kina mama waliomzika alikuwa amebaki mmoja, mdogo wake mama mkwe, ameolewa Ikolo. Nikapanda bodaboda, mzee mzima nimekumbatia kijana kiunoni, nikafika nimejaa vumbi. Yeye macho hayaoni tena, lakini alinijua kwa kukohoa kwangu.

"Mke wa mwana wa dada. Umekuja mikono mitupu, nasikia."

"Nimekuja na ndizi, mama."

"Za shina lipi?"

Sijamwambia kitu bado, hilo mlijue. Nikamwambia ni za lile shina. Akapapasa mkungu, akavunja ndizi moja, akainusa, akairudisha.

"Hizi sili," akasema. "Mgomba umefika wapi sasa?"

Nilihisi baridi, na Ikolo mchana ule jua lilikuwa la kukaangia samaki. Nikamwambia umefika mwisho wa uwanja, karibu ushuke mtoni.

"Ulikuwa na haraka hata ukiwa mdogo. Sasa unalia nini? Nasikia pua."

Nikamweleza habari ya shimo. Akatafuna hewa kama wanavyofanya wasio na meno. Halafu akasema mtoto mchanga hawakumlaza pakavu. Ukimlaza pakavu mama yake naye atakauka, hatazaa tena. Walimlaza pabichi, kwenye mgomba uliokuwa unakunywa maji ya bafu. Bafu lile la zamani, la matete.

"Na juu yake tuliweka nusu ya jiwe la kusagia," akasema. "Lilikuwa limepasuka siku ileile alipozaliwa. Dada alisema kila mmoja abaki na nusu. Hukuwahi kujiuliza kwa nini pale kwako kuna nusu ya jiwe?"

Nusu ya jiwe ninayo. Ninaegeshea mlango wa jiko.

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza. Tulisema, huyu ana nguvu, hajauliza."

Nikamshukuru, ndaga fijo, na nguvu nilizoshukuru nazo sijui zilitoka wapi. Nilipokuwa naondoka aliita. "Pale alipo, kuna kitu kimeota?"

Nikasema kipo.

"Kinafumba majani au kinafumbua?"

"Kinafumbua."

"Haya," akasema. Akageukia ukuta.

Jumapili mwanangu alifika jioni jioni, jua bado lipo. Sikumpa hata maji. Nilikuwa na nesi, tumesimama uani kama askari, nesi ameshika kipande cha nondo alichokiacha mwanangu mwenyewe alipokuja kupima. Nilijaribu kukumbuka bafu la matete lilikuwa wapi. Siwezi. Ningeapa na ningekosea, nilishaapa mara moja. Kwa hiyo nikamwambia nesi achome pale pale, pembeni ya jerania, taratibu, asiguse mzizi.

"Bibi, mimi ni nesi," akasema, "nimezoea sindano, hii ni nondo."

"Choma kama sindano."

Nondo iliingia kwenye tope la mafuriko bila shida, ikashuka, ikashuka mpaka mkono wake ukakaribia ardhi. Halafu ikagonga. Sauti ndogo. Si ya mzizi, si ya tofali. Nilikuwa mwaka mzima nasaga kwa nusu nyingine kabla ya mashine kuja hapa, nikilichonga kwa chuma likilainika, sauti yake naijua. Nesi akaachia nondo kama imemchoma, ikabaki imesimama yenyewe katikati ya maua.

"Tuchimbue kidogo, mama," mwanangu akasema. "Tuone. Tuwe na hakika."

"Hapana."

"Linaweza kuwa jiwe lolote."

"Mawe ya Kyela uliyaona wapi wewe? Sisi tunakaa kwenye tope."

Mwanangu alikaa pale kwenye kigoda changu cha kuchagulia mchele, akaangalia miguu yake ilipo, akaivuta haraka, akasimama tena. Ndipo nami nilipofahamu vizuri. Tangu jiko lihamie hapa, kila siku, mchele, maharage, mboga, nilikuwa nakaa na mguu wa kulia juu yake. Na kabla ya chakula, kila asubuhi, ninamfagia. Wakati mwingine niliimba.

Mwanangu aling'oa vijiti kimoja kimoja. Shimo lilichimbwa nyuma ya nyumba, karibu na tanki, ikabidi bomba liwe refu na akanung'unika kidogo, haki yake. Mafundi walipofika kwenye jerania walizunguka bila kuambiwa. Mmoja aliniuliza kwa nini nimepanda ua njiani. Nikamwambia sijapanda.

Nusu yangu ya jiwe niliitoa mlangoni nikaiweka pale juu, palipokuwa na nondo. Mlango sasa naegeshea tofali.

Nesi alihamishwa mwezi uliofuata, kwa kweli yeye mwenyewe aliomba, lakini kabla hajaenda alinifundisha kupunguza. Jerania ya kutambaa usipoikata inakwenda, inaachia mizizi kila inapogusa ardhi, mwishowe shina la kwanza linachoka linakufa katikati, na mmea mzima unakuwa mahali pengine. Aliponiambia hivyo tuliangaliana, hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo siku hizi nikiamka nashika ufagio na mkasi. Nafagia kwanza, nalizunguka jiwe. Halafu nakata. Inayokwenda mtoni nakata, inayokwenda migombani nakata, mmoja wetu alishatembea inatosha. Imechanua masika mawili, maji yaliifunika wiki moja yakatoka, ikafunguka tena siku hiyohiyo na tope kwenye majani. Haijaacha.

Kuna tawi moja tu ninalolichelewesha. Ni la upande wa mlango wangu. Kila jioni nalipima kwa kidole kutoka kwenye jiwe, na kila asubuhi limesogea, na mbele kabisa kuna kiganja kipya, kimekunjwa, hakijafunguka. Mkasi ninao mkononi. Nakiangalia. Nasema, huyu kesho.

Jana lilifika kizingitini.